Saa Moja Kila Wiki: Tuliyojifunza Katika Harakati za Wanawake Dhidi ya Vita

Ukitaka kujua kama kikundi cha wanawake wa amani ni kichanga au kimekomaa, tazama herufi za mwisho za bango lao. Wachanga huanza kuandika kushoto kwa herufi kubwa za kujiamini. Wakifika mwisho kitambaa kimekwisha, na "VITA", neno lenyewe lililowatoa nyumbani, linabanwa kwenye kona kama abiria aliyechelewa. Waliokomaa huhesabu herufi kwanza, hupima, huchora kwa chaki, ndipo huchovya brashi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kila mita tatu za umbali, herufi inahitaji kimo cha kama sentimita 2.5 ili isomeke vizuri. Mtu aliye ng'ambo ya barabara pana, mita 30 hivi, anahitaji herufi za sentimita 25. "KOMESHENI VITA" ni herufi 13 na nafasi moja. Ukitenga sentimita 20 kwa kila moja unapata mita 2.8, kwa hiyo kitambaa cha mita tatu kinatosha na pambizo ndogo inabaki. Rangi nyeusi juu ya nguo nyeupe haimwangushi mtu. Nyekundu juu ya nyeusi hupendeza ikiwa mezani, lakini jua likianza kuzama haisomeki. Shona mfuko kila upande wa kupitishia mti, na mtu wa tatu ashike pindo la chini katikati, kwa sababu upepo hulijaza bango kama tanga na walioshika miti huanza kuyumba. Wengine hukata vitundu vya nusu mwezi ili upepo upite. Vinasaidia kidogo; huyo mtu wa tatu anasaidia zaidi. Badilishaneni kila baada ya dakika 15, maana mkono ulioinuliwa hufa ganzi kabla mwenyewe hajakiri.

Tunaanza na bango kwa makusudi. Harakati hizi husimuliwa kwa siku zake kubwa, umati ukijaa barabarani na kamera zikimulika. Siku hizo hubebwa na kazi ndogo inayorudiwa wiki hadi wiki, na humo ndimo vikundi vingi vinamofia.

Njia nyepesi ya kuanza ni kusimama kimya hadharani: mahali palepale, siku ileile, kwa saa moja. Wanawake wa Yerusalemu walianza hivyo Januari 1988, mwezi mmoja hivi baada ya intifada ya kwanza, yaani maasi ya Wapalestina, kulipuka. Kila Ijumaa walivaa nguo nyeusi na kudai ukaliaji wa maeneo ya Wapalestina ukome. Oktoba 1991 wenzao wa Belgrade wakaanza kusimama kila Jumatano kupinga vita vilivyokuwa vikiibomoa Yugoslavia, na kuipinga serikali yao wenyewe iliyokuwa ikivichochea. Namna hiyo ya kusimama ikaenea nchi nyingi bila kadi za uanachama, kwa sababu haihitaji kibali cha mtu wala fedha za mtu. Inahitaji nguo nyeusi, bango, na watu wanaorudi.

Kurudi ndiko kunakofanya kazi. Mpita njia anayewaona mara moja anasahau kabla hajafika kituoni. Anayewaona kwa wiki ya tano huanza kuuliza. Anayetaka kujiunga hahitaji kutafuta namba ya simu ya mtu. Anajua Ijumaa saa saba mko pale. Na siku mkiondolewa kwa nguvu, kutokuwepo kwenu kwenyewe kunakuwa habari. Kwa hiyo msihamehame kutafuta penye watu wengi zaidi. Chagueni mahali ambapo watu hupita kwa miguu au magari hupunguza mwendo, penye nafasi ya kusimama bila kuziba njia, na mkae hapo.

Safu ya kimya inahitaji watu wasionyamaza. Weka msemaji mmoja kila mwisho wa safu, hatua tatu nne mbele, wenye vipeperushi. Mwingine ashike saa. Mwingine asishike chochote, kazi yake iwe kutazama: nani anakaribia, gari gani limesimama muda mrefu, nani katika safu amechoka. Kinachovunja kimya mara nyingi ni yule bwana anayekuja kubishana, na anayenaswa ni yule mwenzenu anayeijua mada kuliko wote, kwa sababu majibu yanamwasha ulimi. Msemaji amfuate bwana huyo na ajiweke mahali ambapo, ili kumjibu, atalazimika kuipa safu mgongo. Asiyeiona safu haizomei. Mkiwa chini ya watano simameni bega kwa bega. Watu wanne waliotawanyika huonekana kama wanasubiri basi.

Amani si dai. Hata wanaorusha makombora husema wanataka amani. Dai linamtaja anayetakiwa kutenda, linataja tendo, na linaonyesha jinsi mtakavyojua kwamba limetimizwa. Wanawake wa Liberia mwaka 2003, Wakristo na Waislamu pamoja, Leymah Gbowee akiwa mmoja wa viongozi wao, walikaa wakiwa wamevaa nyeupe kwenye uwanja karibu na soko la samaki la Monrovia, kando ya barabara ambayo msafara wa Rais Charles Taylor ulipita. Walikuwa na madai matatu: mapigano yasitishwe mara moja bila masharti, pande zote zikae mezani, na kikosi cha kutoka nje kiingie kati. Kila moja unaweza kuliwekea alama ya ndiyo au hapana. Huko Israel, kundi la Akina Mama Wanne lililoanza mwaka 1997, baada ya ajali ya helikopta mbili iliyoua wanajeshi 73 waliokuwa wakielekea Lebanon, lilishikilia jambo moja tu: jeshi litoke kusini mwa Lebanon. Lilitoka Mei 2000. Hatusemi ni wao peke yao waliolitoa. Ila mwanasiasa aliyeulizwa "unajibu nini?" hakuwa na pa kukwepea.

Hapo ndipo ufeministi unapoongeza kitu ambacho vyama vingine vya amani hukisahau. Bunduki ikinyamaza kwenye uwanja wa vita, nyingine hurudi nyumbani na mwenyewe, na inaendelea kutumika chumbani. Fedha za silaha zimetoka mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo ni wodi ya wazazi. Mkiandika madai, jiulizeni kila moja linamfikia vipi mwanamke ambaye hajawahi kuona mwanajeshi wa adui, lakini amemwona wa upande wake.

Suala la umama huzua ubishi katika kila kikundi, na ni ubishi wa haki. Kusimama kama mama hufungua milango ambayo mwanaharakati mwingine angefungiwa. Tarehe 30 Aprili 1977, wanawake 14 walikusanyika Plaza de Mayo, Buenos Aires, wakiwauliza watawala wa kijeshi watoto wao wako wapi. Mikusanyiko ilikuwa marufuku, polisi wakawaamuru watembee wasisimame. Wakatembea, wawili wawili, wakizunguka mnara wa katikati. Amri ya kuwatawanya wakaigeuza kuwa maandamano ya kila Alhamisi. Lakini umama una bei yake: asiye na mtoto anajikuta hana sauti, na mtawala anapata nafasi ya kuwaambia "mama, rudi jikoni, tunakulindia mwanao." Ushauri wetu ni kwamba anayetaka kuongea kama mama aongee kama mama, ila dai lisimame kwa miguu yake. Dai likihitaji machozi ya mama ili lieleweke, bado halijaandikwa vizuri.

Sasa vikao. Kikao cha dakika 90 kinatosha, na kikizidi wanaobaki ni wale ambao hawana mtu wa kumlisha nyumbani, ndio mwishowe wanaoamua kila kitu. Mpangieni mtu wa kukaa na watoto chumba cha pili, kwa zamu, na zamu hiyo isimwangukie binti mdogo wa kikundi kila mara. Anzeni kwa mzunguko: kila mmoja dakika mbili, hakuna anayerudia kabla wote hawajasema. Kwenye daftari la kikao andikeni mambo matatu tu: tumeamua nini, nani atafanya, lini. Muhtasari wa kurasa nne hausomwi na mtu.

Wengi wetu tuliingia tukiamini kwamba kikundi cha kifeministi hakina haja ya viongozi. Kisichotajwa hakipotei. Yule mwenye simu nzuri, mwenye marafiki kwenye vyombo vya habari, mwenye nafasi ya kuja kila siku, anakuwa kiongozi bila kuchaguliwa, kwa hiyo hawezi kuondolewa. Afadhali mwenyekiti anayejulikana, wa miezi mitatu, kisha mwingine. Kwa mambo makubwa tafuteni maafikiano, lakini wafundisheni wanachama tofauti ya "sikubaliani, ila sizuii" na "nazuia." La pili ni la nadra, mtu akilitumia kila wiki, kikundi kina tatizo jingine ambalo halimo kwenye ajenda. Na wateueni watatu wenye mamlaka ya kuamua jambo la dharura, mipaka yao ikiwa imeandikwa, maana polisi wakifika hakuna muda wa mzunguko wa dakika mbili.

Kuwakutanisha wanawake wa pande zinazopigana ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiharibu kwa pupa. Mwaka 1915, vita vikuu vikiwa vimepamba moto, wanawake zaidi ya 1,100 kutoka nchi 12 walikutana The Hague, Uholanzi. Waingereza waliokuwa wamejiandaa kwenda walikuwa kama 180; meli zilisimamishwa, na wajumbe watatu tu wa Uingereza ndio waliokuwepo. Waandaaji waliweka kanuni moja ambayo bado tunaitumia: swali la taifa gani lina lawama ya vita hivi halijadiliwi hapa. Halikuwa woga. Walijua kwamba mjadala huo ukianza asubuhi, jioni ukumbi utakuwa na mikutano 12.

Kanuni hiyo ni ya vikao vya mwanzo. Ikigeuzwa kuwa ya kudumu inakuwa njia ya kumnyamazisha aliyeumizwa zaidi. Utaratibu wetu ni kila upande kukaa kwanza peke yake, mara mbili au tatu, watu wamwage hasira mbele ya wanaowaelewa. Kisha mkutane juu ya jambo la mikono. Wanawake wa Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, mwaka 1993 walianzia sokoni: mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua bila kuguswa, na wakachagua watu wa kulifuatilia hilo. Soko likisimama, watu huwa wameshakubaliana jambo moja bila kutia saini popote. Mkiwa na mkalimani, asiwe ndugu wa upande wowote, na muda wake uhesabiwe kwa anayetafsiriwa. Vinginevyo upande mmoja unasikika nusu. Kuweka wenyeviti wawili, mmoja kutoka kila upande, kunasaidia pia. Umoja wa Wanawake wa Ireland Kaskazini ulioingia uchaguzi mwaka 1996 ulipata viti viwili kwenye mazungumzo ya amani, kimoja akakaa Monica McWilliams, Mkatoliki, kingine Pearl Sagar, Mprotestanti. Walipoinuka kuzungumza, baadhi ya wanaume waliwalilia kama ng'ombe. Waliendelea kukaa, na walikuwepo makubaliano yalipofikiwa Aprili 1998.

Mkipata nafasi ya kufikisha jambo kwenye meza ya mazungumzo, pelekeni ukurasa mmoja. Usiwe na historia ya mateso ya wanawake. Uwe na vifungu vilivyokwisha kuandikwa kwa lugha ya mkataba, pamoja na mahali pa kuvipachika. Anayekutana nao kwanza ni karani wa msuluhishi, na karani aliyechoka saa nne usiku hupachika kilicho tayari. Pelekeni kabla rasimu haijatoka. Ikishatoka, kila neno jipya lina adui. Julai 2000, mjini Arusha, wanawake wa Burundi kutoka makundi yote yaliyokuwa yakijadiliana walikutana wakaandika mapendekezo yao, wakayafikisha kwa Nelson Mandela, aliyekuwa msuluhishi. Mengi yaliingia kwenye mkataba uliotiwa saini mwezi uliofuata. Nafasi za asilimia 30 walizoziomba hazikuingia. Zilikuja na katiba ya mwaka 2005. Miezi michache baada ya mkutano ule, tarehe 31 Oktoba 2000, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 1325 kuhusu wanawake, amani na usalama. Lichapisheni mbebe mkobani. Si kwamba linamtisha mtu. Linamwondolea mlinzi wa mlangoni hoja ya "nyie mmetumwa na nani?"

Ushuhuda wa manusura ni jambo ambalo tungependa kila kikundi kisubiri kabla ya kuligusa. Mwandishi wa habari anapiga simu, anataka mwanamke aliyebakwa vitani, kesho, mwenye uso unaopigika picha. Jibu ni hapana. Hata ninyi wenyewe msikusanye kisa ambacho hamwezi kukitunza: karatasi iko wapi, nani anayo, ikinaswa nani atakufa? Akikubali kusimulia, asimulie mara moja, kwa mtu mmoja aliyefundishwa, na aambiwe anaweza kubadili nia hata wiki ijayo. Msichukue kisa kama hakuna pa kumpeleka baadaye kwa matibabu au ushauri. Tumeona manusura wakizungushwa ukumbi hadi ukumbi wakirudia siku ileile mbaya, na kila ukumbi ukipiga makofi.

Siku ya maandamano, kila mtu awe na mwenza, wawili wawili, na mhesabiane kabla ya kuondoka. Namba ya wakili iandikwe kwenye mkono kwa kalamu isiyofutika, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Simu ifungwe kwa namba za siri badala ya alama ya kidole. Kidole hulazimishwa kirahisi. Orodha ya wanachama ibaki mbali. Mabomu ya machozi yakipigwa, ondokeni penye moshi mwelekee upande upepo unakotoka, mwoshe macho kwa maji safi mengi. Msipake mafuta wala losheni usoni kabla, maana kemikali hung'ang'ania mafuta, na lenzi za machoni zibaki nyumbani. Matusi yatakayokuja ni ya kingono. Semeni hivyo waziwazi kwa wageni kabla hawajatoka, ili yasiwapige kama kitu kipya.

Kuhusu wapelelezi, jambo moja. Akina mama wa Buenos Aires waliingiliwa mwaka 1977 na ofisa wa jeshi la majini, Alfredo Astiz, aliyejifanya ndugu wa mtu aliyepotezwa. Alikuwa kijana mpole, aliwasaidia, nao walimpenda. Desemba mwaka huo watatu kati ya waanzilishi, akiwemo Azucena Villaflor, walitekwa na kuuawa. Kushuku kila mgeni huua kikundi haraka kuliko mpelelezi, kwa hiyo kinga ni ya kimfumo: mtu mpya anapewa kazi za hadharani kwa miezi kadhaa, na anwani za watu hapewi yeyote ambaye kazi yake haizihitaji, awe mpya au mkongwe.

Fedha tutasema kwa ufupi. Anayeshika funguo asiandike daftari, na anayeandika daftari asihesabu peke yake. Ruzuku kubwa ya kwanza huja na warsha, warsha huja na posho, na baada ya mwaka mmoja mtu anauliza kwa nini aje kusimama Ijumaa ambako hakuna posho. Kama lazima mchukue, chukueni kwa ajili ya nauli, wakili na matibabu, na ile saa ya kila wiki isilipwe kamwe.

Mkataba ukitiwa saini, nusu ya wanachama huenda nyumbani, na huo ndio wakati ambao msimamo wenu unahitajika barabarani. Liberia ilipata mkataba Agosti 2003, baada ya wanawake kuketi mlangoni mwa ukumbi wa mazungumzo huko Ghana wakawazuia wajumbe kutoka. Desemba mwaka huo kazi ya kukusanya silaha ilianza vibaya, wapiganaji wakafanya ghasia, ikasimamishwa hadi Aprili 2004. Kikundi kilichokuwa kimeshavunjwa kisingekuwa na mtu wa kutuma.

Na amueni mapema mtakachokiita mwisho. Wanawake waliotembea kutoka Cardiff mwaka 1981 hadi kambi ya jeshi ya Greenham Common, Uingereza, walitaka makombora ya nyuklia ya Marekani yasiletwe pale. Tarehe 12 Desemba 1982 wanawake 30,000 walishikana mikono kuizunguka kambi nzima. Novemba 1983 makombora yaliletwa. Kwa hesabu ya haraka walikuwa wameshindwa. Mkataba wa kuyaondoa ulitiwa saini Desemba 1987, ya mwisho yaliondoka 1991, na baadhi yao wakabaki hadi 2000, ardhi ilipofunguliwa tena kwa wananchi. Katikati ya hayo madalali wa mahakama walikuja mara nyingi kuwabomolea makazi. Mahema na magari ya kulala yalichukuliwa, kwa hiyo walijifunza kujenga kwa matawi yaliyopindwa na karatasi ya plastiki juu yake. Madalali wakiondoka, wanawake walikata matawi mengine, wakapinda, wakafunika.